Aliyelelewa Bila Kuitwa

Jini hali wali. Jini hunusa. Ukimwekea chano chake atachukua harufu na utamu, akuachie chakula kama ulivyokipanga, kimepoa tu. Swafiya alilijua hilo tangu kwao Shela, kwa sababu kila nyumba ya mawe ina mwenyeji wake asiyeonekana, na kila mwenyeji ana sahani yake. Kwa hiyo siku alipomwona mkwewe, Bi Ummu, akitoka chumba cha nyuma na chano mkononi, na juu ya chano miba ya samaki iliyonyonywa ikabaki myeupe, alisimama asijue aitazame miba au amtazame mkwe.

"Mama," alisema kwa adabu, "hawa wa chumbani hula mpaka miba?"

"Wa kwenu Shela hunusa kwa kuwa hamuna cha kuwapa," Bi Ummu alimjibu bila kugeuka. "Wa hapa Amu hula. Enda kakune nazi, mwana wa watu, jua limepanda."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali ivunje utumwa, na mabibi wa mtaa wa Mkomani waliokua hawajui mwiko hushikwa upande gani, sasa walipuliza moto kwa midomo yao wenyewe. Lakini chano kile Bi Ummu hakukubali kibebwe na mtu, ingawa magoti yake yalilia kama bawaba kavu. Asubuhi na alasiri alipita msana wa mbele, ule ukumbi mrefu mwembamba, akapita wa pili, akaingia ndani kwenye vidaka vya ukutani, na nyuma kabisa akafungua kijumba kisicho na dirisha, ambamo zamani wanawake walizalia na maiti waliogeshewa. Aliingia kimya, akatoka kimya. Ufunguo alilala nao.

Habari za nyumba ile mji mzima ulikuwa nazo. Bi Ummu alizaa watoto wa kutosha kujaza msana, akawazika karibu wote, na wote walikwenda kwa ndia moja. Alasiri, watu wamejinyoosha, mtoto husikia anaitwa kwa jina lake kutoka daka la mlangoni, kile kibaraza cha kuingilia, na sauti ni ya mamake. Huitika "Labeka," akakimbia, asikute mtu. Ikifika magharibi mwili unawaka, na Ijumaa haimkuti. Ndiyo sababu watu wa Amu huwafundisha watoto wao: ukiitwa mara moja nyamaza, ngoja mara ya tatu, maana jini hana subira ya kuita tatu. Maneno mazuri. Lakini niambie ni mtoto gani aitwaye na mamake akakaa kuhesabu.

Mwanawe Jeilani, mume wa Swafiya, alipona kwa kuwa alipelekwa Pate kwa khalati yake, dada wa mamake, angali ananyonya. Binti mmoja, Tima, alikua akaolewa, na watu wakadhani jini amechoka. Tima akaingia uchungu. Katika kijumba kile cha nyuma, katikati ya maumivu, aliinua kitwa akaitika: "Labeka, mama." Bi Ummu wakati huo alikuwa amekaa mbele yake, amemshika miguu, na hakuwa amefungua mdomo.

Tima alizikwa kesho yake. Kitoto, Bi Ummu alisema, kimezikwa kifuani mwa mamake. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mume wa Tima alikuwa Barawa, ambako alipata sababu ya kutorudi, sababu yenye wanja na hina.

Basi Swafiya, ambaye mimba zake zilikuwa zikimtoka kabla hazijaonekana, aliishi na mkwe mkali, mume mpole, na ukuta.

Ukuta ndio uliomtia wasiwasi. Adhuhuri, akilala kupumzika na kisogo kimegusa chokaa, alisikia watu wanazungumza upande wa pili. Mwanamke anasimulia, anapandisha sauti, anaishusha, anakata kama mtu aliyefika penye siri, halafu kicheko kidogo. Ni mazungumzo ya Kiamu kabisa, ungeapa ni jirani zako. Ila ndani yake hamkuwa na neno. Swafiya alitega sikio mpaka shingo ikakakamaa akitafuta neno moya tu, jina la mtu au "ati" au "wallahi", asipate. Ulikuwa wimbo wa maneno uliotolewa maneno. Kisha, kwa koo lile lile, ulikuja mchi ukitwanga, tu, tu, tu, na punda akalia, na bawaba ya mlango ikafunguka, na vyote hivyo vilitoka mdomoni mwa kitu.

"Jeilani," alimnong'oneza mumewe. "Kitu kinapumua baina ya neno na neno. Majini hupumua?"

"Ukisikia, jifunike kitwa."

"Nimejifunika. Bado kinasikika."

Bi Hindu, jirani aliyekuwa akiingia kwao kwa wikio, ule ujia wa juu unaounga nyumba mbili ili wanawake wasishuke njiani, yeye hakuogopa lolote. "Majini wasengenyaji," alisema akila halua ya wenyewe. "Wanipishe nikae nao. Nina habari za watu wa mtaa wa Langoni zitawauma wasilale."

Mwaka huo Bi Ummu alipooza. Upande mmoja wa mwili ulianguka na ulimi ukaanguka nao. Alilala msana wa pili, anakoroma, na mkono wake mzima ukielekea nyuma ya nyumba. Wanawake waliomzunguka walisema anaonyesha kibla, wakamgeuza kitanda. Mkono ukarudi pale pale. Wakamgeuza tena, wakimsifu kwa imani. Alikufa akiwa ameinua kidole, na macho yake yana hasira ambayo waliokuwepo waliita nuru.

Nyumba ikajaa watu wa matanga. Chano hakikupelekwa, nani angekipeleka? Wasomaji wa khitma walikuwa msana wa mbele, na kila walipopandisha sauti kwa Kurani, huko nyuma sauti ilipanda nayo, ile ile ya watu wasio na maneno, kwanza kama inayowafuatisha, halafu juu yao, halafu ikawa mayowe na makucha mlangoni, na harufu ikapenya chini ya mlango, harufu ya mkojo wa siku nyingi na nguo iliyooza, ikachanganyika na ubani, mpaka msomaji wa kwanza akafunga msahafu wake taratibu, akavaa makubadhi, na waliobaki wakamfuata bila kuagana.

Jeilani alileta fundi na chokaa. "Nauziba mlango," alisema. "Mawe na chokaa mpaka juu. Nilipaswa kuuziba siku aliyokufa Tima."

Fundi alikuwa ameshachanganya chokaa kwenye karai wakati Swafiya alipoutoa ufunguo kwenye mto wa marehemu.

"Weka hapo, mke wangu."

"Jini hali miba, bwana. Nimekaa katika nyumba hii nikiiona miba, na nimenyamaza kwa kuwa mamako alinishinda maneno. Kilichomo humo kina meno na kina ndaa."

"Kitakuua."

"Basi fundi yupo. Tuzibe sote."

Alifungua.

Alikuwa mtoto wa kike, wa umri wa kuota meno ya pili, ingawa kimo chake kilikuwa cha mdogo zaidi. Nywele zilimfika kiunoni zimefungamana kama nyavu. Alichuchumaa pembeni, akafinya mato kwa mwanga, akafungua mdomo, na mdomoni humo akalia punda.

Fundi aliacha karai lake, hakulirudia mpaka leo.

Bi Hindu ndiye aliyeunganisha mambo, maana alikuwepo matanga ya Tima. Siku ile, alisema, Bi Ummu alikuwa anazungumza peke yake jikoni: asiyejua kuitwa hataitika. "Nilidhani ni majonzi. Kumbe alikuwa anapanga." Bi Ummu alimficha mjukuu wake amkinge na mwitaji. Alimlisha, alimwogesha, alimfunika baridi ikija, na katika miaka yote ile hakumpa jina, wala hakumtamkia hata neno moja, asije akajifunza kwamba sauti ya mtu ni ya kujibiwa. Kilichomfikia ni kilichopenya ukutani. Mchi. Punda. Bawaba. Na wanawake wakiongea mbali, wimbo bila maneno.

"Alimpenda," alisema Jeilani, analia.

"Alimpenda," alisema Bi Hindu. "Na mtu akimpenda paka hivyo, paka hutoroka."

Swafiya alimwita Kadija. Alimnyoa, akamwogesha, akampaka mafuta, akamfundisha kutembea bila kuegemea ukuta. Hayo alijifunza. Maneno ndiyo yaliyokataa. Swafiya alimwonyesha maji: "Maji, Kadija. Maji." Mtoto alimtazama mdomo, si maji, kama mtu anayetazama mdudu akitembea. Alilolishika asubuhi adhuhuri halipo. Ilikuwa kutia maji kwenye pakacha. Alipotaka kitu alimshika Swafiya mkono, akautupa kuelekea kitu chenyewe, mkono ule, kama kwamba Swafiya hana kitwa juu yake. Hakujua kucheza. Watoto wa jirani walimletea mwanasesere wa matambara, akamnusa, akamweka chini.

"Mtoto hunyonya maneno na maziwa," alisema Bi Hindu. "Huyu ziwa hilo lilikauka, mwanangu. Usijitese. Mpe wali, mpe nguo, Mungu atakulipa."

"Sitaki kulipwa. Nataka aniite."

Na nyumba ikasikia.

Ilikuwa alasiri. Swafiya ameketi msana wa pili, Kadija baina ya magoti yake, anamchana vinywele vilivyoanza kuota. Kutoka daka la mlangoni sauti ikasema, polepole, bila ukali: "Kadija. Kadija, ndoo kwangu."

Ilikuwa sauti yake Swafiya. Mpaka ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo.

Kadija hakugeuka. Neno lilipita juu yake kama ndege. Siku iliyofuata hali kadhalika, na Swafiya alimshukuru marehemu kwa mara ya kwanza. Lakini hakuacha kufundisha, hakuweza kuacha, aliketi na mtoto yule tangu alfajiri akimrudia jina lake, akimpiga kifuani kidole taratibu, Kadija, Kadija ni weye, mpaka ikafika alasiri moja ambayo sauti iliita kutoka darajani, kwenye ngazi, karibu kuliko siku zote, na kitwa kile kidogo baina ya magoti yake kikainuka, kikageuka, na mdomo ukaanza kufunguka, na Swafiya akatambua kwa wakati mmoja kwamba mtoto amelijua jina lake na kwamba anamfia, akamziba mdomo kwa viganja viwili, akamkandamiza kifuani mpaka hatua zilizokuwa ngazini, hatua za viatu vibovu kama vyake mwenyewe, zikasita, zikageuka, zikashuka.

"Arudi chumbani," alisema Jeilani jioni ile. "Mama alijua alilofanya. Weye umempa jina, na jina ni kamba. Umemkabidhi jini ncha ya pili."

"Ukimrudisha, nifungie naye."

"Swafiya."

"Nifungie naye. Nitazungumza naye humo humo."

Basi wakamwita Mwalimu Mselem kutoka Pate, mtu aliyejulikana kuwatoa hata majini walioshindikana Barawa. Mwalimu alizunguka nyumba, akagonga kuta, akatangaza kuwa huyu wa kwao hana kiti. Jini asiyempanda mtu hana mdomo. Asiye na mdomo hali kiapo. Asiyekula kiapo hatoki. Lazima apandishwe kwa mtu, aseme, aapizwe. Nani atakuwa kiti? Bi Hindu alikumbuka chungu chake motoni. Jeilani, jini hakumtaka. Swafiya alijitoa, akafukizwa mpaka machozi yakamkauka, na jini asije.

"Anamtaka mtoto," alisema Mwalimu.

Walimkalisha Kadija kwenye kiti cha mpingo cha babu zake, miguu haifiki chini. Wakamnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi. Jua lilikuwa bado halijashuka, mwanga ulilala sakafuni, na Mwalimu alisoma na kufukiza na kusoma, mpaka moshi wa ubani ukaacha kupanda na kuanza kutambaa, na kile kiwiliwili kidogo kikanyooka mgongo kama bibi mkubwa aliyefika arusini, kikakunja mkono mmoja juu ya mwingine, na kutoka kinywa ambacho hakijapata kutamka hata "maji" kikatoka Kiamu safi, cha kale, kila herufi imepigwa pasi.

"Asalaamu alaikum, jamaa. Nyumba hini haina ukarimu siku hizi. Kwa Ummu angalau nilipikiwa kahawa."

Mwalimu alizidisha ubani.

"Jeilani mjomba wangu, umenenepa. Kaa kitako. Mwalimu, taratibu na moshi, nina kifua." Kisha ikasoma Fatiha, mwanzo hadi mwisho, kwa tajwidi ambayo Mwalimu mwenyewe hana.

Jeilani alipiga magoti. "Ni sauti ya Tima."

"Ni yake. Na bei yangu ni hii," ilisema sauti. "Mimi niliita watoto wa nyumba hini kwa kuwa sikuwa na mahali pa kukaa. Huyu hana mtu ndani. Mulimwacha mtupu kama birika. Niacheni nikae. Nitasema, nitaimba, nitaolewa, niwazalie. Sitamwita mtu tena. Mukinitoa, natoka na maneno yangu yote, mubakie na hiki." Na mkono ukagonga kifua, ko, ko, kama chombo kitupu.

Mwalimu alifuta jasho. Alisema kuna majini waislamu, na watu huishi nao, na nyumba zikastawi. Jeilani alimgeukia mkewe, uso umelowa. "Unamsikia anavyosema? Tungemfundisha miaka ishirini asifike hapo. Mwache, Swafiya. Mwache akae."

"Mama," ilisema sauti, tamu. "Mama Swafiya. Si ulitaka nikuite?"

Alitaka. Hajawahi kutaka kitu kama hicho, na neno lilimwingia mpaka penye mimba zote zilizomtoka. Alisogea karibu na kiti. Mdomo wa mtoto ulikuwa ukitabasamu na kusema, ukisema vizuri, na juu ya mdomo ule mato yalikuwa yametoka kwa hofu na yanatiririka machozi. Na mkono wa kushoto, ambao jini alisahau kuutumia, umeshika ncha ya leso ya Swafiya, umeisokota mpaka vidole vimegeuka rangi, na unavuta. Unamvuta kama siku zote. Ila leo kitu anachokitaka ni Swafiya mwenyewe.

"Mtu yumo," alisema Swafiya. "Hana maneno, lakini yumo. Mtoe, Mwalimu."

"Bibi, fikiri..."

"Nimefikiri tangu nilipoiona miba. Mtoe, au nitamtoa mimi kwa kibao cha kukunia nazi."

Ilichukua mpaka adhana ya magharibi. Mwalimu alimwapiza, na jini akaapa kwa sauti iliyokuwa ikizidi kupoa: hataita tena mtoto wa nyumba ile kutoka nje. Kisha akamwangalia Swafiya. "Mimi natoka. Huyu siku moja ataita. Akiita vizuri, hutajua ni nani aliyekuita."

Kadija alianguka kitini. Alipozinduka hakuwa na neno. Hata punda hakuwa naye, wala mchi, wala ule wimbo wa wanawake. Ndani yake palifagiliwa pote. Jeilani miezi mingi alikula chakula chake barazani.

Swafiya alianza upya. Maji. Wali. Mama. Mvua za masika zilipita, na nyingine, ndipo mtoto akatoa kitu: "Aba." Akamaanisha Swafiya, kwa kuwa alimtupa mkono. Kisha "mba." Kisha "ma-ba," ulimi umekwama njiani. Bi Hindu alicheka mpaka akashika mbavu, lakini Swafiya kila aliposikia neno limevunjika alipumua. Jini hakosei. Anayekosea ni mwanawe. Alilala usingizi mzuri juu ya makosa yale, na ikafika hali kwamba mtoto akikaribia kutamka sawa anageuza uso, na akiharibu anambusu.

Hali hiyo haikudumu, maana mtoto alikuwa akijifunza.

Alasiri moja Swafiya yuko kiwandani, kwenye ua wa nyumba, na Jeilani, anapepeta mchele. Kadija amelala ndani, peke yake. Kutoka huko sauti ikaita, safi, haina mkwaruzo, kila herufi mahali pake:

"Mama."

Ungo ulibaki hewani. Jeilani alimshika mkewe mkono juu ya kiwiko. "Usiitike," alinong'ona. "Ngoja mara ya tatu."

Nyumba ilinyamaza. Mara ya pili haikuja. Swafiya alikisikiliza kimya kile cha nyuma ya nyumba, akajua ni kimya gani. Mtu aliyeita kwa mara ya kwanza maishani mwake, asiitikiwe, hana sababu duniani ya kuita tena. Jini hana subira ya kuita tatu. Na mtoto huyu pia hana.

"Niachie mkono, bwana."

Aliweka ungo chini. Alipiga shahada, kwa sauti, tamko kamili, kama mtu aliyeelekezwa kibla. Halafu akasema, "Labeka, mwanangu," akaingia ndani.

Magharibi Jeilani alimgusa mkewe paji la uso. Alimgusa tena isha, na alfajiri, na lilikuwa baridi. Na tangu siku hiyo watu waliopita chini ya wikio walizoea kumsikia mwanamke wa nyumba ile: anaitwa na binti yake, kwa ulimi ambao kila mwezi unazidi kunyooka, na yeye kwanza anapiga shahada, ndipo anaitika.